Kozi ya Kiitaliano Malindi: mkazo umefundishwa vyema, vitenzi vimeharakishwa

Anayetaka kazi ya kuongoza watalii Malindi au Watamu hawezi kukikwepa Kiitaliano. Kozi ya jioni ninayoitathmini hapa ina ubora mmoja mkubwa: inatanguliza silabi na mkazo, kisha ndipo zije salamu na bei za vitu.

Kugawa silabi hakumpi Mswahili taabu kubwa. "Piano" ina silabi mbili tu, pia-no, kwa sababu i isiyokazwa hujiunga na irabu inayoifuata, ilhali "poeta" ina tatu, po-e-ta. Konsonanti pacha hutenganishwa, not-te, na s inayotangulia konsonanti nyingine huenda nayo pamoja, pa-sta. Mwalimu hakuturuhusu kuiruka t ya kwanza ya "notte". Tulirudia mpaka ikasikika.

Ugumu uko kwenye mkazo, na hapo ndipo kozi inapostahili sifa. Kiswahili kimetuzoesha kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno mengi ya Kiitaliano hufuata mwendo huohuo. Lakini Napoli, Modena na Genova, miji ambayo wageni huitaja kila siku, hukazwa silabi ya kwanza, na maandishi hayakuonyeshi hilo, kwa kuwa katika neno lenye silabi zaidi ya moja alama ni ya lazima pale tu mkazo unapoangukia irabu ya mwisho, kama "città" na "perché". Mwalimu aliandika ubaoni "barabara", akalisoma kwa maana ya njia, kisha kwa maana ya sawasawa, na darasa zima likaelewa papo hapo kwa nini "ancora" ni bado ikikazwa -co-, na ni nanga ikikazwa an-. Mfano bora kuliko huo sijausikia.

Kasoro ni vitenzi. "Parlano", yaani wanazungumza, hukazwa par-, na "telefonano" hukazwa -le-, silabi ya nne kutoka mwisho, jambo ambalo ulimi wetu haulizoei bila mazoezi mengi. Hata hivyo somo hilo lilipitiwa juu juu, na karatasi tulizogawiwa hazikuwa na alama yoyote ya mkazo. Kwa ada inayotozwa, hilo halikubaliki. Anayejiunga aje na kalamu ya rangi, aombe kila kitenzi kisomwe kwa sauti, na apige mstari chini ya silabi iliyokazwa kabla ya kutoka darasani.