Katreni ka michezo Lubumbashi: kanapanda vizuri, kanasimama vibaya

Nilishika mashine ya treyi miaka 22, kwenye shimo la mgodi upande wa Kipushi. Kwa asiyejua, treyi ni ile ngoma kubwa ya chuma inayozungusha kebo: kaji, yaani kizimba cha kubebea watu, inashuka na watu, inapanda na watu, na wewe huwaoni. Unasikia kengele tu. Kwa hiyo wajukuu waliponivuta Jumamosi kwenda kuona katreni ka michezo, kale ka kupanda na kuteremka kwa kasi juu ya reli (rolakosta), kalikofungwa kwenye uwanja wa mpira, huku kwetu Katuba, sikuangalia rangi wala taa. Niliangalia kinachokavuta na kinachokasimamisha.

Bei kwanza, najua ndiyo mnayongojea: franka 5,000 mtu mzima, 3,000 mtoto, kwa mizunguko mitatu. Mabehewa sita, watu wawili kila moja. Viti ni vigumu. Foleni ni ya kusukumana.

Kwenye mlima wa kwanza kuna mnyororo. Ndoano iliyo chini ya treni inaukamata, motere inavuta, na unasikia ka-ka-ka-ka mpaka juu. Watu wengi wanafikiri huo ni mlio wa mnyororo. Sivyo. Ni ulimi wa chuma unaorukaruka juu ya meno yaliyopangwa kando ya reli, na kazi yake ni moja: treni isirudi nyuma. Tulikuwa katikati ya mlima, mimi na mjukuu wangu wa miaka tisa, umeme ukakatika. Muziki ukazimika. Mama mmoja nyuma yetu akaanza kumwita Yesu kwa sauti. Treni ikarudi nyuma kidogo, labda upana wa kiganja, halafu kap! Ikashikwa.

“Nkambo, tunaanguka?”

“Hapana. Umesikia ule mlio? Ulimi umeuma jino.”

Jenereta ilichukua kama dakika saba kuwaka, na dakika zote hizo hatukusogea hata kidogo. Hapo nawapa alama zote.

Ukishaachiwa juu, hakuna motere tena, ni uzito wenu wenyewe unaowapeleka. Ndiyo maana saa nne asubuhi, grisi ikiwa imeganda na baridi hii ya Julai na treni ikiwa nusu tupu, karibu ikwame kwenye mgongo wa mwisho. Nilirudi saa kumi jioni, mabehewa yamejaa na magurudumu yamepata moto, nikakuta treni nyingine kabisa. Na kaeni nyuma. Behewa la mwisho linavutwa na yale yaliyokwisha kuanza kuanguka, linapita kileleni kwa kasi, unanyanyuka kwenye kiti. La mbele linaning’inia tu pale juu likingojea wenzake.

Mpwa wangu, yule anayeleta nguo kutoka Dubai, alikuwa anacheka. Alifika hadi Abu Dhabi akapanda Formula Rossa, treni ya michezo iliyofunguliwa 2010: kilomita 240 kwa saa, na inafika hapo kwa sekunde kama tano. Wanakuvalisha miwani ili mchanga usikuingie machoni. “Kule hakuna mnyororo, mjomba,” akaniambia, “ni kombora.” Nikamwuliza kinachovuta ni nini, hakujua. Basi nikamweleza. Pampu zinasukuma mafuta kwenye matangi yenye gesi ya nitrojeni, gesi inabanwa, nguvu inawekwa akiba. Wakifungua, mafuta yanatoka kwa kishindo na kuzungusha motere, motere zinazungusha ngoma, ngoma inavuta kebo, na kebo inavuta kigari kilichoshika treni kwa chini. Ngoma na kebo! Hiyo ni treyi yangu, wameilaza chini tu. Siku hizi mashine nyingi mpya zinarushwa kwa sumaku, kama motere iliyokunjuliwa ikanyooshwa kando ya reli, lakini mimi nitabaki na kebo.

Sasa lawama. Kurusha au kupandisha treni si kazi kubwa, kazi ni kuisimamisha. Freni za hapa ni za kubana: vipande viwili vinakamata ubao wa chuma ulio chini ya treni. Mpango wenyewe ni mzuri. Nilimwuliza kijana wa mashine, “Mwanangu, hewa ya kompresa ikiisha?” Akafungua vali bila kusema neno, pfuu, na vipande vikafunga vyenyewe. Springi ndiyo inayobana, hewa ndiyo inayoachilia. Treyi yetu ilikuwa hivyohivyo: nguvu ikipotea, freni inashika. Lakini nikainama kuchungulia. Kipande cha kushoto kimeliwa mpaka vichwa vya skurubu vinaonekana, na ubao una mfereji unaong’aa, unaweza kulaza kidole kidogo ndani. Ndiyo sababu treni inaingia kituoni na kugonga kama punda aliyekataa. Shingo yangu ina miaka 64, haikupenda.

Kwenye mashine kubwa jambo hili walilimaliza kwa shaba. Ndiyo, shaba, watu wa Lubumbashi! Mbao za shaba zinapita katikati ya sumaku kali bila kugusana, mkondo wa umeme unazaliwa ndani ya shaba yenyewe na kuipinga treni. Haihitaji umeme wa kwenye waya wala kompresa, na hakuna kinacholika. Jaribuni nyumbani: mimi nilitoa kasumaku ka duara kwenye spika ndogo iliyokufa, nikakaangusha ndani ya kabomba ka shaba. Kalishuka polepole, wajukuu wakadhani kamekwama. Ila treni ikipungua kasi nguvu hiyo nayo inapungua, kwa hiyo kuisimamisha kabisa bado kunataka freni ya kubana au matairi ya motere. Na huko Melbourne, kwenye Luna Park, kuna treni ya 1912 ambayo mpaka leo mtu wa freni anasimama katikati ya mabehewa na mkono wake kwenye mtaimbo. Kazi hiyo ningeiomba kesho.

Lawama ya pili ni ishara. Shimoni hakuna aliyesogeza kaji bila kengele. Hapa kijana wa tiketi aliinua kidole gumba huku macho yake yako kwenye noti anazohesabu, na mwenzake akabonyeza. Fimbo ya kutushikilia tumboni ilikuwa bado haijafunga upande wa yule mama. Alipiga kelele, wakasimamisha. Nilishuka nikawaambia wote wawili kwa adabu: nunueni kengele, mmoja afunge fimbo, mwingine azikague, halafu ndiyo mbonyeze. “Ndiyo, papa,” wakasema. Jumapili nilipopita kengele haikuwepo, ila fimbo walikuwa wanazivuta moja moja kwa mkono.

Wanasema watakuwepo mpaka shule zifunguliwe Septemba. Nendeni jioni, kaeni behewa la mwisho, vuteni fimbo wenyewe kabla ya kuondoka. Na kofia iacheni nyumbani. Yangu, ya kahawia, iko chini ya kona ya pili, na wamekataa mtu aingie kuichukua mchana. Hapo wana haki.