Koti la kupandia mlima katika mvua: lipi ununue ukiwa Goma

Mara ya kwanza nilipopanda Nyiragongo, kabla ya mlipuko wa Mei 2021, nilikuwa nimeazima koti ambalo mwenyewe aliniapia kwamba halijawahi kupitisha hata tone moja. Tuliondoka Kibati saa nne asubuhi, mvua ikatukuta tungali msituni, nami nikafunga zipu hadi kidevuni na kuendelea kupanda bila kupumzika. Jioni tulipofika ukingoni mwa kreta, upepo ukivuma, nilivua koti nikakuta fulana imelowa chapachapa, na usiku ule nilitetemeka ndani ya kibanda hadi alfajiri. Niliporudi mjini nililijaza koti lile magazeti makavu, nikalitundika chini ya bomba kwa robo saa nzima. Magazeti yalitoka makavu vilevile. Maji yote yaliyonilowesha mlimani yalikuwa jasho langu.

Tangu siku hiyo, kila anayeniuliza anunue koti gani huwa namuuliza kwanza jasho lake litatokea wapi. Swali hilo lina uzito hasa kwetu sisi tunaopanda milima yenye unyevu: Nyiragongo yenye mita 3,470, Mikeno yenye mita 4,437, Karisimbi yenye mita 4,507, na Rwenzori, ambako kilele cha Margherita kina mita 5,109 na njia ya upande wa Kongo huanzia Mutwanga, katika joto la bonde, na kuishia kwenye barafu. Makoti mengi yanayosifiwa yametengenezwa kwa kufikiria milima ya Alpes wakati wa baridi kali, ambako hewa ni kavu, na sifa zilizoandikwa kwenye lebo zake hazisafiri zote hadi huku.

Koti la aina hii huwa na matabaka. Nje kuna nailoni inayostahimili miamba na kamba, katikati kuna utando mwembamba wenye vitundu vidogo mno, na ndani, kwenye makoti ya matabaka matatu, kuna kitambaa laini kinachoulinda utando dhidi ya jasho na mafuta ya ngozi. Utando uliozoeleka zaidi ulitokana na kazi ya Bob Gore, Mmarekani aliyegundua mwaka 1969 kwamba plastiki ya PTFE ikivutwa kwa ghafla hutanuka na kujaa vitundu visivyohesabika. Vitambaa vya Gore-Tex vilianza kuuzwa mwaka 1976. Tone la mvua haliwezi kupenya vitundu hivyo, ilhali mvuke wa jasho hupita.

Lakini mvuke huo hausukumwi na koti. Hutoka wenyewe, kwa sababu ndani kuna mvuke mwingi kuliko nje, na tofauti hiyo ikipungua, safari yake hupungua pia. Ndani ya koti lililofungwa, hewa ya nyuzi 30 iliyojaa mvuke, ikitazamana na hewa ya nje yenye nyuzi sifuri, huwa na msukumo unaozidi mara tatu ule unaopatikana wakati nje kuna nyuzi 25 na ukungu mtupu. Ndiyo maana koti lililomfaa mtu kwenye barafu ya Ufaransa linaweza kumpika mtu yuleyule katika msitu ulio juu ya Mutwanga, na hakuna utando wa bei yoyote utakaobadilisha jambo hilo. Kinachosaidia ni zipu ndefu za kwapani, zinazofunguka kutoka ubavuni hadi karibu na kiwiko, kwa kuwa hizo hutoa hewa moto yenyewe badala ya kungoja mvuke upenye kitambaa. Koti lisilo na zipu hizo silipendekezi kwa mpandaji wa huku, hata likiwa zawadi.

Kuhusu tarakimu za kwenye lebo, nitasema machache. Kinga ya maji hupimwa kwa kimo cha maji ambacho kitambaa hustahimili kabla hakijavuja: milimita 10,000 hutosha kwa mvua ya kawaida, na milimita 20,000 ni bora kwa anayebeba mzigo, kwa maana mikanda ya begi hukandamiza maji dhidi ya mabega. Upande wa jasho kuna vipimo vya aina kadhaa, na tarakimu za kampuni moja haziwezi kulinganishwa na za nyingine iwapo njia za kupima zinatofautiana. Ukikuta kipimo cha RET, yaani ukinzani wa kitambaa dhidi ya mvuke unaotoka, fahamu kwamba kadiri tarakimu inavyokuwa ndogo ndivyo koti linavyotoa jasho vizuri zaidi, na chini ya 6 ni kiwango kizuri sana.

Namna ya kulijaribu mwilini

Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea, na hapa ndipo ninapoomba subira ya msomaji. Koti la mlimani halijaribiwi juu ya shati la kuendea ofisini. Toka nyumbani na fulana utakayopandia, sweta nzito utakayovaa juu yake, helmeti ukiwa nayo, na mkanda wa kupandia ule unaofungwa kiunoni na mapajani. Kutoka Goma, iliyo kwenye mita 1,500 hivi, hadi ukingo wa Nyiragongo, joto hushuka takriban nyuzi 12, na upepo huongeza baridi juu ya hapo; kwa hiyo sweta ile utaivaa, na koti lazima liipokee bila kuibana. Ukifunga zipu yote, ngumi yako ipite kati ya koti na kifua bila kulazimishwa. Zikipita ngumi mbili, koti ni pana mno: litapulizwa na upepo kama tanga, litaingiza hewa baridi kila unapoinama, na litakufunika miguu usione unapokanyaga.

Kisha funga mkanda juu ya koti na uinue mikono yote miwili kana kwamba umeshika mwamba ulio juu ya kichwa chako. Mwombe mtu mwingine akuangalie, kwa kuwa ukijiangalia mwenyewe utainamisha kichwa na kuharibu kipimo. Pindo la koti lisichomoke kwenye mkanda, na mikono ya koti isiteremke ikaacha vifundo vya mikono wazi. Koti lililokatwa vizuri huwa na kipande cha ziada cha kitambaa chini ya kwapa, na utaona mkono unainuka peke yake huku kiwiliwili cha koti kikitulia. Lililokatwa vibaya huinuka lote kama gauni lililoshikwa mabegani. Kosa hilo halirekebishwi na fundi yeyote, kwa sababu kila tundu la sindano analoongeza ni njia mpya ya maji.

Kofia ya koti nayo ijaribiwe juu ya helmeti, zipu ikiwa imefungwa hadi juu. Geuza kichwa kulia na kushoto: kofia igeuke pamoja na macho yako. Iwapo jicho moja linabaki likitazama bitana, utapanda ukiwa kipofu wa upande mmoja. Tazama kama ukingo wa mbele una waya au plastiki ngumu inayozuia maji kuchuruzika usoni, na kama unaweza kuvuta kamba zake ukiwa umevaa glavu. Hatimaye angalia mifuko: iwe juu ya mahali mkanda unapokaa, vinginevyo ramani na mkate vitakuwa chini ya mkanda na hutavifikia hadi jioni.

Mpangilio wangu

Nafasi ya kwanza naipa koti la matabaka matatu la uzito wa kati, kati ya gramu 400 na 550, lenye zipu za kwapani na kofia inayopita juu ya helmeti. Mfano wake ni Triolet la Patagonia, kampuni ya Marekani, linalotumia Gore-Tex. Simond, chapa ya upandaji iliyozaliwa Chamonix na iliyo mali ya Decathlon, kampuni ya Ufaransa ya vifaa vya michezo, nayo hutengeneza makoti ya jamii hii, ila kagua modeli moja moja, kwa kuwa si zote zenye zipu za kwapani. Koti la uzito huu huvumilia kuburuzwa kwenye miamba ya lava, ambayo ni mikali kama vigae vya chupa, na bado hukunjika ukalitia begini jua linapotoka.

Nafasi ya pili ni koti hilohilo likiwa la mtumba. Najua wapo watakaoshangaa kuona mtumba juu ya vitu vipya, lakini nimeona katika balo zinazofunguliwa Birere na katika soko la Virunga makoti yaliyovaliwa mara chache na Mzungu aliyeacha kupanda, yakiuzwa kwa sehemu ndogo ya bei yake. Sharti ni kulikagua bila haya. Geuza ndani nje, upeleke kidole juu ya utepe uliobandikwa kwenye mishono, ukianzia shingoni na mabegani: ukiinuka pembeni, gundi imechoka, na kama umebanduka kwa urefu wa mkono mzima, liache. Kunja kitambaa na ukisugue kati ya vidole viwili. Utando uliokufa hutoa maganda meupe kama magamba ya sambaza, au hunata, na aghalabu huwa na harufu kali ya uchachu ambayo kufua hakuiondoi. Kisha mwombe muuzaji kikombe cha maji, bonyeza kitambaa cha bega kiwe kama kijiko, mimina maji kidogo, weka karatasi chini yake na usubiri dakika kumi. Karatasi ikilowa, mrudishie koti lake kwa heshima. Kitambaa cha nje kikinywa maji na kubadilika rangi huku karatasi ikibaki kavu, usiogope, kwa maana ni dawa ya nje tu, ile ya kufukuza maji, iliyoisha, na hiyo hurudishwa.

Nafasi ya tatu ni koti la matabaka matatu la kutembelea, kama Torrentshell 3L la Patagonia, ambalo Marekani huuzwa chini ya dola 200 na lina zipu za kwapani. Kofia yake haikukusudiwa helmeti, nayo ndiyo sababu halikupanda juu zaidi. Kwa anayelenga Nyiragongo na Karisimbi, ambako hakuna kamba wala barafu, linaweza kabisa kuwa chaguo la kwanza, na sitabishana naye.

Nafasi ya nne nimeliweka koti ambalo wengi wangeliweka juu: Alpha SV la Arc'teryx, kampuni ya Kanada, na mengine ya ukoo huo yenye Gore-Tex Pro na nailoni nene. Limekatwa kwa ustadi mkubwa, kofia yake haina lawama, na kwa mtu anayekwenda Alpes majira ya baridi ningeliweka namba moja bila kusita. Lakini bei yake inazidi dola 600, na kwenye milima yetu sehemu kubwa ya fedha hiyo inalipia unene ambao utaubeba ukitokwa jasho. Fedha hiyo ikigawanywa inanunua koti la kwanza, viatu vizuri na fulana mbili za sufu, na mpandaji huyo atafika juu akiwa mkavu kuliko mwenzake.

Nafasi ya tano ni makoti mepesi ambayo kwa ndani hayana kitambaa cha tatu ila rangi iliyopakwa tu, mfano PreCip la Marmot. Hunata kwenye ngozi na huchakaa mapema chini ya mikanda ya begi. Liwe koti la akiba.

Nje ya orodha naweka koti la plastiki la motari, yaani dereva wa pikipiki, kwa kuwa halipitishi maji kutoka upande wowote, na wewe utakuwa ndani. Wapagazi wengi hulivaa kwa kukosa jingine, na ningependa kila anayepanga safari akumbuke kwamba anayebeba mzigo ndiye anayetoka jasho zaidi. Jaketi laini linalonyumbuka, linalouzwa kama la mlimani, huzuia upepo na manyunyu, wala si mvua ya Rwenzori.

Baada ya kununua

Dawa ya nje inayofanya maji yaviringike kama shanga huisha kwa vumbi, moshi na mafuta, na makoti mapya yasiyo na kemikali za florini huhitaji kufuliwa mara nyingi zaidi kuliko yale ya zamani. Tumia sabuni ya maji kidogo, isiyo na kilainishi, suuza mara mbili, kisha anika. Likikauka, joto la wastani huamsha dawa iliyobaki. Anayetumia pasi ya makaa, ambayo haina kipimo cha joto, aweke kitambaa cha pamba juu ya koti, ajaribu kwanza ndani ya mfuko na asitue pasi mahali pamoja. Zipu zipigwe brashi kavu kila urudipo Nyiragongo, kwa sababu mchanga wa volkano hula meno yake.

Ukiagiza kupitia ndugu anayetoka Ulaya, usimtumie herufi ya saizi peke yake, maana M ya kampuni moja ni L ya nyingine. Mpe mzunguko wa kifua uliopimwa juu ya sweta, na urefu kutoka katikati ya shingo, kupitia begani, hadi kifundo cha mkono ukiwa umekunja kiwiko. Mwambie pia rangi. Nyeusi na kijani kibichi hupendeza mjini, lakini kwenye mita 4,000, ukungu ukishuka, mwenzako aliye mbele hatua ishirini humwoni tena asipokuwa na koti jekundu, la manjano au la chungwa.