Ofisi ya mahesabu Ngamiani kwa wenye vikoba: nyota nne

Wana Tanga mliokuwa mnaulizia mhasibu wa kikundi, kuna kaofisi Ngamiani sisi tumewapa kazi ya kufunga hesabu za mwaka kabla ya kugawana, na kiukweli tumeridhika, japo yapo ya kulalamikia.

Kwanza yule kaka mwenye ofisi hana tamaa. Mama mwenyekiti alienda na msimamo wake kwamba anataka ukaguzi wenye muhuri wa CPA, yaani mhasibu mwenye cheti cha bodi, maana maneno yalishakuwa mengi kikundini, kaka akamwambia, "mama yangu", nyie ni kikoba mmesajiliwa halmashauri chini ya ile sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018, daftari anaandika mweka hazina wenu na hiyo haihitaji leseni, msijibebeshe gharama bure. Ila mtu akitaka kuwasainia kama mkaguzi wa nje hapo ndo pana sheria, lazima awe amesajiliwa NBAA, ile bodi ya wahasibu na wakaguzi, na awe na kibali cha kutoa huduma kwa umma, ile wanaita CPA-PP, kufaulu mitihani peke yake haitoshi. Na akasema wazi yeye PP hana kwa hiyo hasaini ukaguzi, anapanga hesabu tu, tukitaka saini atatuelekeza kwa mwenye nayo. Namba yake ya usajili katoa bila hata kubembelezwa. Tuliyekuwa naye zamani (simtaji) ukimuuliza namba anakwambia nimeiacha nyumbani, muhuri lakini anao mfukoni muda wote 😂

Wa SACCOS nyie mna utaratibu wenu wa Tume ya Ushirika na COASCO, lile shirika la kukagua vyama vya ushirika, msichanganye na haya yetu.

Kazi yenyewe sasa. Alikataa kugusa sanduku mpaka wenye funguo wote watatu wafike, na mmoja anauza samaki Deep Sea kwa hiyo tulimsubiri hadi jua limekuwa kali. Kisha akafungua kaunta buku na penseli, mstari kwa mstari, kila rejesho lililokuja kwa simu anataka meseji yenyewe aione, sio "alilipa huyo mi nakumbuka". Ndo ikaonekana hela ya mfuko wa jamii, ile ya kusaidiana kwenye shida, ilikuwa inakopeshwa pamoja na hela ya hisa, hakuna aliyeiba, ila mgao ungetoka umepinda na watu wangeshikana mashati.

Nyota moja nimeikata kwa sababu alichelewa kutukabidhi, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, mpaka tuidai, sio vizuri kwa mtu wa mahesabu. Feni nayo mbovu.

Bei inategemea ukubwa wa kikundi, elewaneni kabla hajafungua daftari. Nendeni asubuhi, mchana huwa yuko TRA na makaratasi ya wateja wengine.