Waliniambia nibaki ufukweni: mitumbwi ya kukodi Luchelele

Mimi ni mtoto wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, kwetu ni karibu na Nansio. Kabla sijajua kusoma nilishajua kukaa kwenye mtumbwi bila kuutikisa, maana bibi alikuwa akivuka na sisi wajukuu kwenda shambani, na mtoto aliyecheza mtumbwini aliachwa nyumbani siku iliyofuata. Mume wangu ni Mgogo wa Kongwa. Mpaka anahamishiwa kazi Mwanza alikuwa hajawahi kuingia kwenye maji yanayompita magoti.

Tukienda kwetu kwa meli anakaa ndani, kiti cha karibu na mlango, na kabla hajakaa anaangalia majaketi yamewekwa wapi. Sijawahi kumcheka kwa hilo. Meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imebakiza kidogo kufika Mwanza, yeye alikuwa darasa la nne, na anakumbuka wakubwa wamezunguka redio ya baba yake na hakuna aliyewaambia watoto wakalale. Leo akienda kazini anapita Igoma, walikozikwa wengi wa marehemu wa ajali ile. Mtu wa namna hiyo humwambii "usiogope" halafu ukategemea hofu iondoke.

Naandika haya kwa sababu najua niko na wenzangu wengi: wewe maji ni kwenu, mwenzako maji ni adui, na unatamani siku moja mkae pamoja kwenye mtumbwi asubuhi ziwa likiwa limetulia. Mwaka jana nilijaribu kwenye ufukwe mwingine hapa hapa mjini, na nikaharibu. Kijana wa pale alitupa majaketi mawili yasiyo na vifungo, akatusukuma, na tulipofika mbali kidogo rafiki zake wakaanza kutikisa mtumbwi kwa mchezo. Mume wangu alishuka anatetemeka midomo. Aliniambia, "Mke wangu, nimekupenda na kwenu nimekupenda, lakini huku usinirudishe." Nililia siku ile, kwa sababu mimi ndiye niliyempeleka.

Ndiyo maana hawa vijana wa Luchelele nawaandikia kwa moyo wote. Hawana bango. Ukifika stendi ya Nyegezi hapa Mwanza chukua bodaboda, mpite Malimbe na chuo cha SAUT, mteremke mpaka Luchelele, halafu uliza "kwa vijana wa mitumbwi ya faiba". Ni ndugu wawili, baba yao ni mvuvi. Sisi tulilipa shilingi 15,000 kila mtu kwa saa mbili, mafunzo yakiwa humo humo, na kulipa kwa simu inawezekana.

Mitumbwi yao ni minne, mipana, chini bapa. Hili ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mitumbwi yetu ya mbao ina mkuku, ule uti wa mbao chini yake, inakata maji vizuri na inabeba mzigo, lakini mtu mgeni akiingia anauona unalala upande mara moja na roho inamtoka. Huu wa bapa ukiukanyaga unatulia. Unakwenda polepole, ndiyo, lakini siku ya kwanza mwendo wa nini?

Tulifika saa 1 asubuhi. Yule kaka mkubwa akatuuliza nani kati yetu ni mara yake ya kwanza. Mume wangu akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Nikaanza kueleza mimi: kwamba natoka Ukerewe, kwamba nitakaa nyuma, kwamba nitamwelekeza. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kwa adabu, "Dada, naomba wewe ukae kwanza pale kwenye jiwe. Shemeji nitakwenda naye mimi."

Niseme kweli, nilikasirika. Nikamuuliza kwa nini. Akajibu, "Ukiwa naye, atakusikiliza wewe. Mimi nataka asikilize maji."

Nikakaa kwenye jiwe. Na kutoka kwenye jiwe lile niliona vitu ambavyo ningekuwa mtumbwini nisingeviona.

Kwanza jaketi. Alimvalisha, akamfunga vifungo vyote, akamwambia anyanyue mikono, kisha akashika mabega ya jaketi na kulivuta juu. Likapanda mpaka masikioni. Akalivua, akaleta dogo zaidi, akavuta tena, likakataa kupanda. Jaketi likikupanda hivyo ukiwa nchi kavu, majini litakuacha na kuelea peke yake. Miaka yote nimevaa majaketi, na hakuna aliyewahi kunivuta mabega.

Pili, hawakuanza na mtumbwi. Waliingia majini mpaka kiunoni, wakasimama. Akamwambia alale chali. Mume wangu alilala huku ngumi zake mbili zimebanwa kifuani, shingo imekaza, macho yamefumbwa. Yule kijana alikuwa amemwekea kiganja chini ya kisogo. Sikuwasikia walichokuwa wanaongea. Nilichokiona ni ngumi moja inafunguka, kidole cha mwisho kwanza, halafu vingine, mpaka mkono ukalala juu ya maji wazi. Kisha ule wa pili. Baadaye aliniambia kijana alimwambia, "Nataka kutoa mkono, niutoe?" na yeye akakubali, na kwamba hakuna kitu katika maisha yake ya utu uzima alichowahi kukubali kwa ugumu kama kile.

Hapo naomba niseme kuhusu kichocho, kwa sababu biashara nyingi za ufukweni hazitaki kukigusa. Hawa walikisema wenyewe kabla hatujalowa. Mahali wanapofundishia ni pa mchanga, pana mawimbi kidogo, mbali na matete, kwa kuwa konokono wanaobeba vimelea hupenda maji yaliyotulia yenye majani. Lakini yule kaka mkubwa hakuwadanganya wateja kwamba hakuna hatari. Alisema mkishalowa ziwa hili, baada ya wiki kadhaa nendeni zahanati mpimwe, na dawa ya praziquantel ipo. Mimi nimezoea hivyo tangu utoto. Mume wangu alipenda kuambiwa ukweli. Kwa mtu mwoga, hatari inayotajwa waziwazi ni nyepesi kuliko ile anayohisi mnamficha.

Ndipo mtumbwi. Kuingia: mikono miwili kwenye kingo zote mbili, mguu unakanyaga katikati kabisa, mwili umeinama, na moja kwa moja unapiga magoti. Wameweka vipande vya godoro chini. Ukipiga magoti uzito unashuka na mtumbwi unatulia chini yako. Na baada ya hapo, marufuku kushika ukingo. Mume wangu alikuwa ameushika mpaka vifundo vya vidole vimebadilika rangi. Kijana akamwambia aachie ashike kasia, alaze ubapa wake juu ya maji pembeni, aegemee kidogo. Akaegemea, na maji yakamsukuma kurudi. Nilimwona anageuka kuniangalia. Akaegemea tena. Alirudia jambo lile labda mara kumi, kama mtu anayejaribu kufuli jipya la mlango wake.

Baada ya dakika arobaini hivi nikaitwa. Nilipewa masharti: nikae nyuma, nisimwelekeze, kazi yangu ni kuongoza tu. Anayekaa mbele ndiye mwenye mwendo. Wa nyuma anamfuata na kunyoosha mtumbwi kwa kugeuza ubapa wa kasia kuelekea nje kila anapomaliza kupiga. Mimi kule kwetu nilizoea kuhamisha kasia upande huu na huu, nikamwagia wenzangu maji. Hili la kugeuza ubapa nimejifunza hapa, na sasa mgongo wa mwenzangu haulowi.

Ni vigumu kunyamaza. Mara mbili nilitaka kumwambia "hapana, hivi," nikajizuia. Tulikubaliana kuhesabu tu, moja mpaka kumi, kisha kupumzika. Tulianza kwa kuelekea unakotoka upepo, ili wakati wa kurudi tukiwa tumechoka utusukume. Tukafika karibu na jiwe lenye mnandi wawili wanaoanika mbawa. Mume wangu akaweka kasia juu ya mapaja. Matone yakawa yanadondoka kutoka kwenye ubapa, moja moja, na kila moja linaacha duara dogo majini. Akasema, "Tusiondoke kwanza." Tukakaa. Sikumbuki tulikaa muda gani.

Ikifika saa 4 wanapiga filimbi, na wote mnarudi hata kama muda wenu haujaisha. Unaobaki wanakuhifadhia siku nyingine. Niliona jamaa mmoja analalamika. Mimi nasema wasibadilishe. Ziwa hili lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800 na upepo wa mchana ukianza mawimbi yake huja mafupi, yamebanana, na humpi mtu wa siku ya kwanza mawimbi ya namna hiyo.

Kasoro zipo. Makasia mawili mpini wake umechakaa, mume wangu alitoka na malengelenge kwenye kiganja. Wapige msasa tu, ni kazi ya nusu saa. Jaketi la mtoto hakuna hata moja, kwa hiyo watoto waacheni nyumbani. Choo kipo lakini maji unabeba mwenyewe kwa ndoo, na kwa akina mama pa kubadilishia nguo ni khanga yako na mwenzako wa kukushikia. Na yule mdogo mtu alipokea simu wakati mteja yuko majini. Nilimwambia palepale, akaomba radhi, akaizima. Asirudie, maana kazi yake ni nzuri mno kuharibiwa na simu.

Ukienda, wapigie simu siku moja kabla, jioni, kwa sababu mitumbwi ni minne tu na Jumamosi inajaa. Beba nguo kavu, mkate na chai kwenye chupa. Na ukiambiwa ukae kwenye jiwe, kaa.

Tumerudi mara tatu tangu siku ile. Wiki iliyopita tulikwenda Nansio kumwona mama. Mume wangu aliangalia majaketi yalipo kama kawaida yake, halafu akatoka nje akasimama nami kwenye vyuma vya pembeni mpaka Mwanza ikapotea nyuma yetu.