Kisa cha Punda wa Dobi kwa zoezi la kubadili msimulizi: kinafaa kiasi gani?

Mwalimu anayetafuta hadithi fupi ili wanafunzi waisimulie upya kwa kinywa cha mhusika mwingine hana haja ya kununua kitu. Swahili Tales ya Edward Steere, mmisionari Mwingereza, iliyochapwa London mwaka 1870 kutokana na hadithi zilizosimuliwa na watu wa Unguja, haina tena hakimiliki na hupakuliwa bure. Humo mna Kisa cha Punda wa Dobi, na kwa kazi hii kinafaa kuliko hadithi nyingi za vitabu vya darasani.

Kisa chenyewe wengi wanakijua. Kima humtupia rafiki yake papa makuyu kutoka kwenye mkuyu ulioinamia maji. Papa anamwalika kwao, anampakia mgongoni, na wakifika katikati ya safari anamwambia kwamba sultani wao anaumwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anasema moyo ameuacha mtini. Wanarudi, anapanda, hashuki tena. Papa anapomhimiza, ndipo anaposimuliwa habari ya punda asiye na moyo wala masikio: punda wa dobi ambaye sungura alimpeleka kwa simba kwa ahadi ya kuposwa, akaponyoka, akarudishwa mara ya pili na kuuawa.

Uzuri wake kwa zoezi hili ni kwamba msimulizi haingii sana ndani ya vichwa vya wanyama. Mara nyingi anataja walichotenda na walichosema, basi. Nafasi iliyobaki ni ya mwandishi mpya.

Papa ndiye wa kuanza naye, na sababu ni mahali mwili wake ulipo. Kima yuko mgongoni, kwa hiyo papa hamwoni usoni wakati ule anaotaja moyo. Mwanafunzi akiandika "Kima aliingiwa na hofu kubwa", ameshateleza: papa amejuaje? Linganisha na hili: "Nilipotaja moyo, vidole vyake vilinibana, kisha vikalegea. Akaniuliza kwa sauti ileile ya kila siku, mbona sikumwambia tukiwa bado kwao." Hofu imo, na papa hajaitambua. Ngozi ya papa ni kama msasa, kwa hiyo hata kule kushikiliwa kuna habari ya kueleza.

Swali gumu zaidi ni kwa nini papa aliamini. Wengi humfanya mjinga, na kazi inafia hapo. Jibu limo kwenye kisa chenyewe: kila kitu kizuri alichowahi kupata kwa kima kilitoka juu ya mti ule. Aliyezoea kupokea makuyu kutoka matawini haoni ajabu moyo nao ukining'inia humo humo. Upande wa pili wapo wanaomsafisha papa mpaka anakuwa mwema. Hilo nalo lisikubaliwe. Alimbeba rafiki yake kwenda kuuawa, na matukio yasiguswe. Kinachobadilika ni nani anayeyaona na anayapima vipi.

Kabla ya kuandika, kisa kisomwe mara mbili. Mara ya pili, kila sentensi itiwe alama: papa aliona, alisikia, au hawezi kujua. Za kundi la tatu ziondolewe au zipatiwe njia ya kumfikia. Maneno 600 hadi 800 yanatosha. Habari ya punda, ambayo papa anaisikia akiwa majini anangoja, isizidi robo ya kazi, na ikatwekatwe na maji yanayokupwa au shingo inayochoka kutazama juu. Ikinakiliwa nzima, papa hupotea.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni la kisarufi. Mwanafunzi hubadili "a-" kuwa "ni-", anapata "nikaenda, nikamwona, nikamwambia" hadi mwisho, na papa anasikika kama anayetoa maelezo polisi. Mnyororo wa "-ka-" humfaa msimulizi wa mbali. Anayesimulia yake huhitaji "hu-" kwa mazoea ya kila siku ya makuyu, "-ki-" kwa yanayoendelea, na "-ka-" ibaki pale mambo yanapokwenda mbio.

Wahusika wengine hawalingani. Sungura hana faida kubwa, kwa sababu kisa kimeshakaa upande wake: tunamwona akila moyo na masikio. Simba ana mengi zaidi. Yeye aliagiza moyo na masikio ya punda, hakuletewa, akaambiwa punda angekuwa na moyo na masikio asingerudi mara ya pili, akaridhika. Akisimulia yeye, msomaji ndiye atakayemshuku sungura, na simba asitie neno lolote la kumsaidia. Punda anakufa kabla ya mwisho, kwa hiyo usimulizi wake ukome anapoingia kwa simba mara ya pili, akiwa bado anaamini anaposwa.

Dosari za chapisho zipo. Tahajia ni ya zamani ("hatta" kwa "hata"), na maandishi yanayotolewa na kompyuta kutoka kwenye picha za kurasa hukosea herufi, basi yachapwe upya kwa kutazama ukurasa wenyewe. Kiingereza kimewekwa mkabala na Kiswahili. Wanafunzi wapewe kurasa za Kiswahili peke yake, la sivyo watatafsiri badala ya kusimulia.