Miaka mitatu ya sosholojia Dodoma: uzoefu wangu

Nilimaliza shahada ya kwanza ya sosholojia, yaani elimu ya jamii, mwaka 2022, katika chuo kimoja cha hapa Dodoma. Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, wadogo zangu na marafiki zao hunipigia kuuliza kama kozi hii inafaa. Naipa nyota nne kati ya tano. Tatu kati ya hizo zimetoka fildi, yaani utafiti wa kwenda kwa watu wenyewe.

Mwaka wa kwanza ulinichosha. Waasisi wa fani, Comte, Marx, Weber, wote ndani ya semista moja, ukumbi umejaa hadi wengine tunasikilizia dirishani, na Kiingereza chake si kile tulichokizoea sekondari. Aliyenishika ni Durkheim. Mwaka 1897 Mfaransa huyu alichukua jambo ambalo kila mtu angesema ni siri ya moyo wa mtu, yaani kujiua, akaonyesha kwamba viwango vyake vinakwenda kwa mpangilio: Waprotestanti juu kuliko Wakatoliki, wasio na ndoa juu kuliko wenye ndoa. Wataalamu waliokuja baadaye wamezikosoa takwimu zake, lakini swali lake lilininyima usingizi. Kama ni uamuzi wa mtu peke yake, mbona idadi inafuata dini na ndoa?

Mwaka wa pili yanakuja matawi: familia, matabaka, jinsia, dini, elimu, afya, uhalifu, kazi, idadi ya watu, vijiji na miji. Mengine tuliyapita mbiombio. Sosholojia ya miji ndiyo iliyoninogea, na sidhani kama kuna mahali pazuri pa kuisomea kuliko hapa. TANU, chama tawala cha wakati huo, iliamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu ya serikali Dodoma, lakini msukumo mkubwa ulikuja kuanzia 2016. Ukipanda daladala kwenda Mtumba, kwenye mji wa serikali, unaona mada ya mhadhara dirishani: penye shamba la uwele pamepimwa viwanja, na mwenye shamba sasa anapangisha vyumba.

Fildi sasa. Barua ya utambulisho hupita chuoni, wilayani, katani, kisha kwa mwenyekiti wa mtaa. Yangu ilichukua siku tisa, kwa hiyo anza mapema. Nilikwenda pembezoni mwa jiji na dodoso, yaani karatasi za maswali ya utafiti, la kurasa sita. Kaya ya kwanza nilimkuta bibi anapepeta uwele. Nikamwamkia, "Mbukwenyi," akanipa kigoda. Swali la nne lilisema: kipato chako kwa mwezi ni kiasi gani?

"Mjukuu wangu, mambo ya mwezi siyajui," akasema. "Najua mvua ya mwaka huu na mbuzi wawili niliouza."

Nikaruka kwenye swali la tano, mkuu wa kaya ni nani. Tulifundishwa kwamba kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja. Pale aliishi bibi na wajukuu watatu. Lakini yeye alimtaja mwanawe aliye Dar es Salaam, anayetuma hela kwa simu na ndiye anayesema mbuzi auzwe au asiuzwe. Kwa maelekezo niliyopewa, nilipaswa kumwandika bibi.

Jioni nikampigia msimamizi wangu. Akaniambia niandike majibu yote mawili na tofauti hiyo niijengee sura nzima. Nikayaandika upya maswali: badala ya mwezi nikauliza mavuno ya mwisho na mifugo iliyouzwa tangu mvua zilizopita. Watu wakaanza kujibu kwa uhakika. Siku ile nilielewa kwamba swali baya linaweza kumfanya mtu mwenye mali aonekane hana kitu, na mpango wa maendeleo ukajengwa juu ya kosa hilo.

Nyota moja nimeinyima kwa sababu mbili. Uchambuzi wa takwimu tulifundishwa ubaoni, kompyuta zikiwa chache mno. Programu yenyewe niliijulia kwa rafiki getoni. La pili linaniuma zaidi. Mimi ni Mgogo, na mwaka 1969 mwanaanthropolojia Peter Rigby alichapisha kitabu kizima kuhusu ng'ombe na ukoo katika jamii ya Wagogo. Katika miaka mitatu hakuna mhadhiri aliyekitaja. Nilikikuta mwenyewe, nimebakiza miezi miwili kumaliza.

Kuhusu ajira, matangazo ya Afisa Maendeleo ya Jamii mara nyingi huitaja sosholojia, ila waombaji ni wengi sana. Mimi naishi kwa kazi za utafiti za muda, na kazi ya kwanza niliipata kwa sababu nilimwonyesha mwajiri dodoso langu la zamani na lile nililolirekebisha.

Kabla ya kuthibitisha chuo, uliza mambo mawili: fildi ni wiki ngapi, na kila msimamizi ana wanafunzi wangapi.