Kinachokula nafasi ya simu yangu: namba ya kwenye mipangilio haitoshi

Natumia Android ya GB 32, na kwa miezi mingi imekuwa ikinionya kwamba nafasi inakaribia kuisha. Ushauri ninaopewa na kila mtu ni ule ule: futa programu usizozitumia. Nilizifuta, simu ikabaki imejaa. Ndipo nikaamua kuipekua mwenyewe, nijue nani anakula nini.

Nilianzia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya hifadhi, kisha programu. Ukigusa jina la programu unaona mafungu matatu: programu yenyewe, data yake, na ile akiba ya muda ambayo wengi tunaiita kache. Hapa utagundua kwamba ukubwa unaoonyeshwa Play Store ni wa kupakua tu. Mzigo unashuka ukiwa umebanwa. Ukishafunguka ndani ya simu unaongezeka, na matumizi ya kila siku yanazidi kuukuza. TikTok kwangu ilikuwa na kache kubwa kuliko programu yenyewe. Kufuta kache hakukutoi kwenye akaunti, kwa hiyo futa bila wasiwasi. Kitufe cha kuogopa ni kile cha jirani, cha kufuta data yote: programu inarudi kama vile imewekwa leo, na chochote ambacho hakikuhifadhiwa mtandaoni ndiyo kwaheri.

Ila orodha ile haikuelezi ukweli wote kuhusu WhatsApp. Kwangu ilisomeka chini ya GB 1, nikakataa kuamini, maana nipo kwenye kundi la ukoo, la kikoba, la wazazi wa shule na kamati za harusi zisizoisha. Nikaingia ndani ya WhatsApp yenyewe, kwenye mipangilio yake, sehemu ya hifadhi na data, nikafungua usimamizi wa hifadhi. Zaidi ya GB 8! Sababu ni kwamba picha, video na sauti zake zinakaa kwenye folda ya media, nje ya eneo la siri la programu, hivyo baadhi ya simu huzihesabu kwenye mafungu ya picha na video.

Ukurasa huo ndio ninaoupa alama za juu kuliko kitu kingine chochote nilichojaribu. Unakutengea faili zinazozidi MB 5, na zile zilizosambazwa mara nyingi, halafu unapanga mazungumzo kuanzia linalokula zaidi. La kwanza kwangu lilikuwa kamati ya harusi iliyokwisha kuvunjwa: video za sendofu, picha za vitambaa vya sare, na picha za meseji za michango, moja baada ya nyingine. Nilichagua, nikafuta, simu ikapumua. Hakikisha tu umehamisha kwanza picha unazozithamini, kwa sababu WhatsApp haikutunzii picha za zamani kwenye seva zake. Telegram ni tofauti: vitu vya mazungumzo ya kawaida viko kwenye seva zake, unaweza kufuta kache yote na kukipakua tena unachokitaka, ingawa bando litakatwa upya.

Baada ya hapo nilitumia Files ya Google. Ni ya bure, haina matangazo, na ni nzuri kwa kuonyesha faili kubwa na zinazojirudia. Jambo ambalo watu wengi hawalitambui: unachofuta humo kinaenda kwanza kwenye tupio lake na kukaa hadi siku 30, na muda wote huo nafasi bado imeshikwa. Ukiitaka nafasi leo, fungua tupio na ulisafishe.

Zile programu za "kusafisha simu" zinazojitangaza kwa vitisho siziafiki kabisa. Niliyoijaribu ilinijazia matangazo, ikataka ruhusa zisizohusiana na kazi yake, na mwishowe ikafuta kache ambayo ningeifuta mwenyewe bure.

Sasa nimezima upakuaji wa otomatiki wa video kwenye WhatsApp, kwa data ya simu na kwa Wi-Fi pia. Video ninayoitaka naigusa mwenyewe, na bando nalo linadumu. Ukiwa na simu ya GB 32, anza na hilo kabla ya kufuta programu hata moja.